Lakshmibai, aliyebaki nyuma

Kanisani kwetu ushuhuda hutolewa na aliyeokoka. Anasimama mbele, anaeleza alivyokuwa, alivyoitwa, alivyoitika, nasi tunapiga makofi. Mkewe ameketi safu ya tatu na mtoto mapajani, wala hatumwulizi yeye alipitia nini. Hatuwaulizi mama mkwe, wala ndugu waliokata mguu nyumbani, wala mtoto aliyeambiwa jina lake limebadilika. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kwa muda mrefu nilitamani kusikia habari ya familia kuhama dini ikisimuliwa na mtu ambaye siku ya ubatizo hakuwapo, na hakutaka kuwapo.

Niliipata kwa mwanamke wa Kimarathi aitwaye Lakshmibai Tilak, Mbrahmani, yaani wa tabaka la juu kabisa la Wahindu, wa huko magharibi ya India. Mumewe, Narayan Vaman Tilak, alikuwa mshairi aliyebatizwa mjini Bombay tarehe 10 Februari 1895. Wasomaji wa historia ya India wasimchanganye na Bal Gangadhar Tilak, yule mpigania uhuru mwenye gazeti la Kesari. Wote wawili ni wa Chitpavan, jamii moja ya Wabrahmani, na wote asili yao ni pwani ya Konkan, ila hawa ni watu wawili na njia zao mbili. Huyu wangu ni yule aliyeacha dini ya wazee wake. Mkewe akabaki.

Mwanzoni sikuwa nawatafuta wao. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa, na nilikuwa nasoma habari za Frere Town, kile kijiji cha watumwa walioachwa huru ambacho wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walikianzisha mwaka 1875 ng'ambo ya kisiwa. Kila mtu wa upande wetu anaijua kengele yake. Hata mtaa tunauita Kengeleni. Wenyeji wa kwanza wa Frere Town wengi walitoka India. Walikuwa watoto wa huku, Wayao na wengineo, waliokamatwa katika majahazi ya watumwa na manowari za Waingereza, wakapelekwa Bombay, kisha Nashik, kwenye kijiji cha Kikristo kiitwacho Sharanpur. Mchungaji aliyekilea kijiji hicho, William Salter Price, ndiye aliyekuja baadaye kuiongoza Frere Town. Jacob Wainwright, aliyekuwa miongoni mwa waliousindikiza mwili wa Livingstone na akahudhuria mazishi yake London mwezi Aprili 1874, alisomea huko huko Nashik.

Basi nikawa nataka kuujua huo mji wa Nashik. Katika kuutafuta nikakutana na binti aliyezaliwa mwaka 1868 katika kijiji cha Jalalpur, jirani kabisa na mji huo. Mwaka aliozaliwa yeye, watoto wa Kiafrika walikuwa wanajifunza useremala na kusali Sharanpur, mwendo mfupi tu kutoka kwao. Huenda ndiyo sababu kitabu chake kilinishika namna kilivyonishika. Kumbukumbu zake, Smruti Chitre, zilianza kutoka kwa Kimarathi mwaka 1934. Mimi nimezisoma kwa tafsiri ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1950.

Anaanza na baba yake, na hapo tayari mambo yote yamo. Babu yake Lakshmibai, mzaa mama, alinyongwa na serikali ya Waingereza kwa ajili ya maasi ya 1857, Wahindi walipoinuka dhidi ya utawala wao. Tukio lile lilimwingia baba yake akilini, likamgeuza mtu wa hofu. Hofu yake ilikuwa najisi. Mbrahmani yeyote wa wakati ule alichunga nani amemgusa, nani amepika, maji yametekwa na nani. Lakini baba huyu alivuka mpaka, hadi watu wa nyumba yake wakawa wafungwa wa ndoo ya maji. Karibu kila kitu kilicholetwa kutoka nje kililazimika kuoshwa. Kugusana na mtu aliyetoka sokoni kulikuwa balaa. Lakshmibai anayasimulia haya kwa kicheko, maana ni mwandishi mcheshi kupita kiasi, ila ukitulia unaona mtoto aliyelelewa akiamini kwamba mkono wa jirani ni sumu.

Akaolewa akiwa na miaka 11. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Manakarnika; Lakshmi ndilo jina alilopewa arusini, kama ilivyo desturi yao. Bwana arusi alikuwa kijana wa miaka 18 hivi, aliyempoteza mama yake mapema, akaihama nyumba ya baba mkali, akasomea Kisanskriti Nashik kwa mwalimu aliyempenda. Alikuwa na kipaji cha ajabu cha ushairi, na moyo usiojua kuweka akiba. Alitoka nyumbani bila kuaga na kurudi baada ya siku nyingi. Fedha ya matumizi ikipata mwenye shida njiani, haifiki nyumbani. Aliacha kazi moja akashika nyingine, na mkewe akawa anahamishwa kutoka kwa ndugu huyu hadi kwa ndugu yule, mara na mizigo, mara na mtoto mgonjwa. Watoto wengine hawakuishi. Aliyeishi, Dattu, alikuwa bado mdogo sana mambo yalipobadilika.

Mambo yenyewe yalianzia kwenye treni. Mwaka 1893 Tilak alisafiri kutoka Nagpur kwenda Rajnandgaon kutafuta kazi. Behewani alikuwamo Mzungu mmoja; wakazungumza ushairi, kisha dini. Mzungu yule akampa Agano Jipya na kumwambia kwamba kabla ya miaka miwili kwisha atakuwa Mkristo. Tilak aliona ni maneno ya kupita, lakini aliahidi kukisoma kitabu, na ahadi kwake ilikuwa ahadi. Akaanza na Mathayo, kalamu mkononi, akipiga mistari. Alipofika sura ya tano, Mahubiri ya Mlimani, hakuweza tena kukiweka chini.

Tuseme kweli: mtu huyu hakuwa mtupu akingoja kujazwa. Miaka mingi kabla ya treni alikuwa akisumbuliwa na jambo moja, jinsi taifa lake litakavyosimama ilhali watu wake hawanywi kisima kimoja. Alikuwa amejiandikia mwenyewe misingi ya dini aliyoitamani, isiyo na ubaguzi wa matabaka. Injili aliisoma kama mtu anayekuta jibu la barua aliyoipeleka zamani. Na alikuja nayo mizigo yake yote mizuri, hasa nyimbo za Tukaram, mtakatifu wa Kimarathi wa karne ya 17, mtu wa tabaka la chini aliyemwimbia Mungu kwa lugha ya wakulima. Baadaye Tilak alisema kwamba alimfikia Kristo kwa kuvuka daraja la Tukaram.

Habari za mwelekeo wake zilipojulikana, marafiki wakamkimbia na riziki ikakatika. Akaenda Bombay. Katika kanisa la misheni ya Kimarekani akaomba abatizwe na mchungaji Mhindi, Mmarathi mwenzake, wala asiwe Mzungu. Ikawa hivyo. Hapo ndipo ushuhuda wake ungeishia kama angetoa kanisani kwetu, na tungepiga makofi.

Lakshmibai alikuwa kwa ndugu zake. Habari ikamfikia kama habari ya msiba inavyofika, kila mtu amekwisha kujua isipokuwa mwenyewe.

Ili uelewe uzito wake, fikiri hali ya mwanamke wa Kibrahmani wa wakati ule. Mumewe akifa, anakuwa mjane: atanyolewa kichwa, atavuliwa vito, atavaa nguo ya aina moja hadi kufa kwake. Hilo ni chungu, lakini lina jina na lina kanuni. Mumewe akibatizwa, yeye ni nini? Mume yu hai, kwa hiyo alama nyekundu ya mke inabaki kwenye paji la uso. Lakini kwa tabaka lake mume huyo ni maiti: hakuna wa kula naye, hakuna wa kumpokea mlangoni, na mke akimfuata naye atakuwa amekufa, na mtoto wao pia. Si mjane, si mke. Anaishi kwa huruma ya dada, kaka na shemeji, na kila tonge analokula anajua limetoka mkononi mwa mtu aliyeaibishwa na mume wake.

Sheria ya Waingereza ilikuwa imelifikiria jambo hili, kwa upande wa mwanamume aliyebatizwa zaidi kuliko wa mke. Sheria ya 1850 ilimhakikishia mtu anayebadili dini kwamba hatanyimwa urithi wake. Ile ya 1866 iliruhusu aliyeingia Ukristo aende mahakamani ikiwa mwenzake wa ndoa anakataa kuishi naye kwa sababu ya dini. Mahakama ilimpa huyo mwenzake mwaka mmoja afikiri. Akishikilia kukataa, ndoa ilivunjwa na wote wawili wakawa huru kuoa au kuolewa. Huru kwenye karatasi. Mbrahmani mwanamke aliyewahi kuolewa, nani angemwoa? Tilak hakuitumia sheria hiyo. Aliandika barua, alimtamani mwanawe, akangoja. Katika mambo yote aliyoyafanya mtu huyo, na alifanya mengi ya kuumiza, hili la kungoja ndilo linalonifanya nimheshimu.

Nataka niseme neno juu ya wale ndugu, maana katika simulizi zetu ndugu wanaobaki na dini ya zamani huwa ni ukuta tu wa kurukwa. Dada yake Lakshmibai na shemeji yake walimpokea pamoja na mtoto. Walimlisha, wakamwuguza, maana aliugua sana miaka ile, mwili na akili. Walimlinda asijidhuru. Waliishi Pandharpur, mji wa hekalu la mungu Vitthal, ambako kila mwaka mahujaji kwa maelfu huja kwa miguu wakiimba nyimbo hizo hizo za Tukaram zilizompeleka mumewe kwenye ubatizo. Nimelifikiria sana hilo: mke analia katika mji ambao ndio mwisho wa safari ya wale waimbaji, na mume ameshika wimbo ule ule akaenda nao upande mwingine. Ndugu hao hawakuwa watu wabaya waliozuia nuru. Walikuwa ndiyo sababu Lakshmibai aliishi hadi kuandika kitabu.

Na ni katika miaka hiyo, akiwa hajui kusoma vizuri, alianza kutunga mashairi yake mwenyewe.

Hapa kwetu Mombasa nilipata kumfahamu mama mmoja wa Kigujarati aliyebatizwa ukubwani, peke yake katika ukoo wake. Alikuwa akija ibada ya asubuhi na kuondoka kabla ya chai. Siku moja nilimwuliza jambo gani lilikuwa gumu kuliko yote. Nilidhani atasema kufukuzwa, au matusi. Akaniambia, "Mwanangu, hakuna aliyenifukuza. Nikienda kwa dada yangu wananikaribisha, wananipa kiti, wananipa chai. Lakini sufuria siruhusiwi kushika tena." Akanyamaza, kisha akaniuliza habari za watoto. Yule mama hakuwa Mbrahmani, na kwao si kwa Lakshmibai, na karne moja na zaidi imepita. Lakini nilipofika kwenye sura za Ahmednagar nilimkumbuka.

Ahmednagar ndiko misheni ya Kimarekani ilikokuwa na kazi yake kubwa, na Tilak alihamia huko kufundisha. Wakristo wa Ahmednagar wengi wao walikuwa watu wa matabaka ya Mahar na Mang, wale ambao kijijini waliishi nje ya mpaka, waliobeba mizoga, waliokatazwa kusogelea kisima. Hao ndio waliokuwa kanisa. Tilak, mwana wa Wabrahmani, aliketi nao sakafuni akala nao. Kwa hiyo swali lililomngoja Lakshmibai halikuwa tu kama Yesu ni Mwana wa Mungu. Swali lilikuwa jikoni: je, nitakunywa maji yaliyotekwa na mama wa Kimahar?

Baada ya miaka kama mitano ya kutengana, alikubali kuishi karibu na mumewe tena. Hakubatizwa. Alikuja na dini yake na vyungu vyake. Akapika chakula chake mwenyewe, akachota maji yake mwenyewe, akiishi katikati ya Wakristo bila kugusa cha mtu. Mumewe hakumlazimisha. Wamisionari na wanawake wa pale walimzoea hivyo hivyo, jirani mwenye ulimi mwepesi na jiko lake la pekee. Nimesoma habari nyingi za wamisionari wenye haraka. Hawa, katika jambo hili, walikuwa na subira, na nafurahi kuliandika.

Kilichomgeuza, kwa maneno yake mwenyewe, hakikuwa mahubiri. Alikuwa njiani, safarini, ameketi akitafakari juu ya matabaka. Akajiuliza kama kweli ni Mungu aliyeyaumba. Akatazama wanyama, akaona Mungu anapotaka kutenga kitu na kitu hukitenga kwa mwili: ng'ombe ana umbo lake, farasi lake, ndege lake. Kwa wanadamu akaona tofauti moja tu aliyoiumba, mwanamume na mwanamke. Kuzaliwa ni kumoja, kufa ni kumoja, mifupa ni ile ile, furaha na uchungu ni vile vile. Mbrahmani na Mmahar wametengwa na nani basi? Na alipolijibu swali hilo aliamua pale pale kwamba tangu siku ile atakula na kunywa kwa mkono wa yeyote.

Binti wa yule baba aliyeogopa mkono wa kila mtu.

Nimelisoma fungu hilo mara nyingi na kila mara linanisimamisha. Hakuna maono ndani yake wala sauti kutoka mbinguni. Ni mwanamke asiyesoma shule, ameketi njiani, anafikiri mpaka mwisho jambo ambalo wanachuoni wa nchi nzima walikuwa wanalizunguka. Mumewe alihitaji Kisanskriti, misingi aliyojiandikia na kitabu kutoka kwa Mzungu ili afike pale. Yeye alifika kwa kutazama ng'ombe. Na kama unadhani lilikuwa jambo dogo, kumbuka kwamba mwaka 1927, zaidi ya miaka 25 baadaye, Ambedkar, mtetezi wa haki za matabaka yaliyotengwa, ambaye naye ni wa tabaka la Mahar, aliwaongoza maelfu ya watu wake hadi bwawa la Mahad, huko huko Konkan, wakanywa maji ya hadhara ambayo serikali ilikwisha kuyafungua kwa watu wote, na wakapigwa kwa ajili ya maji hayo.

Ubatizo wa Lakshmibai ulifuata mwaka 1900, na anauelezea kwa ufupi kuliko alivyoelezea uamuzi wa maji. Naona alikuwa sahihi. Mlango ulikwisha kufunguka jikoni.

Kwa hiyo tukisema "familia ya Tilak iliingia Ukristo mwaka 1895", kama inavyoandikwa mahali pengine, tunasema uongo wa aina fulani. Mtu mmoja alibatizwa mwaka 1895. Wa pili alikuja miaka mitano baadaye, kwa njia yake, kwa sababu zake, na angeweza kabisa asije. Sisi huku tumezoea hesabu ya kaya: baba ameitika, basi nyumba nzima imehesabiwa, kadi za ubatizo zinajazwa jioni ile ile. Hata wale watoto wa Nashik waliokuja Frere Town walipewa dini pamoja na jina na shati, wakiwa hawana mama wala baba wa kuulizwa. Wengi walikuja kuwa waumini wa kweli, wachungaji na walimu waliolijenga kanisa la pwani, nami ni tunda lao. Lakini napenda kufikiri kwamba hata wao, siku fulani wakiwa wakubwa, waliketi mahali wakajiuliza wenyewe.

Maisha yao baada ya 1900 yalikuwa na ukata, wageni wasiokwisha, watoto yatima waliochukuliwa nyumbani, na tauni iliyokuwa ikizunguka Bara Hindi miaka ile. Tilak hakubadilika tabia kwa kubatizwa. Bado aligawa fedha, bado alikasirika upesi na kutubu upesi. Lakshmibai anamsimulia kwa upendo na bila kumfichia, na ningependa wake wa wachungaji wetu wapewe nafasi ya kuandika hivyo.

Lakini lazima niseme juu ya nyimbo, maana mimi ni mtu wa kwaya. Kabla ya Tilak, Wakristo wa Kimarathi waliimba zaidi tenzi zilizotafsiriwa, maneno ya Kimarathi yaliyobanwa ndani ya mahadhi ya Kiingereza hadi mkazo ukaangukia silabi isiyostahili. Tunalijua hilo. Fungua Tenzi za Rohoni, uimbe polepole, utaona mahali ambapo Kiswahili kimekunjwa ili kitoshe. Tilak akatunga nyimbo zaidi ya mia kwa bahari za Tukaram na wenzake, za kuimbwa kwa matari na vinanda vyao, ambazo mkulima asiyesoma angeweza kuzishika mara moja. Ndani yake Kristo anaitwa mama na guru, yaani mwalimu wa kiroho, kwa namna watu wale walivyokuwa wakimwita Mungu siku zote. Zinaimbwa hadi leo. Naye akahariri sehemu ya Kimarathi ya gazeti la Dnyanodaya, na mnamo 1909 akaanza utenzi mrefu wa maisha ya Yesu, Khristayan, kwa mfano wa Ramayana, ule utenzi mkubwa wa kale wa Wahindu.

Kadiri alivyoendelea katika Ukristo ndivyo alivyozidi kuwa Mhindi. Mwaka 1917 aliacha mshahara wa misheni, akavaa nguo ya mtawa wa Kihindi, akahamia Satara. Huko akaanzisha jumuiya aliyoiita Baraza la Mungu, ya wafuasi wa Kristo waliobatizwa na wasiobatizwa pamoja, maana aliona ubatizo ulikuwa umegeuka tabaka jipya: ukiisha kuupokea, unahama mtaa, unahama mavazi, na watu wako hawakuoni tena. Nadhani mtu aliyemwacha mke na mtoto upande wa pili kwa miaka mitano alikuwa na haki ya kulisema hilo. Mradi haukupata muda. Alifariki Bombay tarehe 9 Mei 1919, akiwa ameagiza mwili wake uchomwe, kama ilivyo desturi ya wazee wake, na majivu yapelekwe Ahmednagar.

Mambo haya hayajawa ya zamani. Katika India ya leo, kwa amri ya rais ya mwaka 1950, haki maalumu walizowekewa watu wa matabaka yaliyotengwa, kama nafasi za kazi serikalini na za masomo, ni za Wahindu, kisha Masingasinga wakaongezwa mwaka 1956 na Mabudha mwaka 1990. Mkristo hazipati. Kwa hiyo familia ya Kidalit, yaani ya matabaka hayo yaliyotengwa, ikibatizwa inapoteza haki hizo, ingawa jirani anaendelea kuiita kwa jina lile lile la dharau. Zipo nyumba ambamo mama anasali kanisani na karatasi za watoto zinasema Mhindu. Wanaowalaumu kwa unafiki wangefanya vizuri kuhesabu kwanza ada ya chuo. Na makanisa yenyewe hayana usafi wa kujisifia: yapo, hasa kusini, ambamo Wadalit walitengewa viti vyao na makaburi yao. Hoja ya Lakshmibai aliyoipata njiani bado ina watu wa kusomewa, na baadhi yao wamevaa kanzu za madhabahuni.

Mumewe alipokufa, utenzi wa Khristayan ulikuwa umefika takriban sura ya kumi. Mjane aliyefundishwa kusoma kwa kuvutana akaushika. Alitunga sura zaidi ya sitini mwenyewe, kazi ya miaka, mingi yake akiwa Karachi kwa mwanawe Dattu, hadi maisha ya Yesu yakakamilika kwa shairi la Kimarathi ambalo sehemu kubwa yake ni ya mkono wa mwanamke. Dattu, yule mtoto wa Pandharpur, ndiye aliyemsukuma aandike na kumbukumbu zake. Lakshmibai alifariki Februari 1936 kabla hazijatoka zote.

Tafsiri niliyonayo imefupishwa mahali, na najua ucheshi wake mwingi uko kwenye lugha yenyewe. Hapa Afrika Mashariki tuna Wamarathi, Nairobi, Dar es Salaam, na wachache Mombasa. Kama wewe msomaji ni mmoja wao, au unamjua bibi wa Kimarathi mwenye muda na anayekipenda Kiswahili, naomba uniandikie hapa chini. Nataka tuanze na sura moja tu, ile ya Lakshmibai njiani, moja kwa moja kutoka Kimarathi. Nitapika mimi.